Kuukiri Unyonge ili Usimame: Mwongozo Kamili wa Siku 40 kwa Aliyechoka Kuvunja Toba

Mwongozo huu ni wa Muislamu aliyetubu jambo lile lile mara tatu, mara nne, nalo likarudi. Sura ya kushindwa huku ni moja, uwe Kilwa Kivinje au Tandahimba. Mtu anatoka Ramadhani na ahadi kumi na mbili. Mfungo Mosi ukifika katikati amebaki na mbili. Ikifika Mfungo Tatu haonekani tena safu ya mbele, na akikutana na mwalimu wake njiani anavuka upande wa pili wa barabara.

Nia yake ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba aliahidi kwa nguvu ambazo hana, na hakuwahi kukiri, kwa ulimi wala kwa kalamu, kwamba hana. Nahodha anayetweka tanga lote siku ya kusi kali kwa kuwa jana bahari ilikuwa shwari hapindukii kwa uovu wake. Anapindukia kwa kutopima.

Hapa tunaanzia kwenye kupima.

## Vitu vya kuandaa

Daftari dogo. La wanafunzi la kurasa 48 linatosha. Usitumie simu, kwa sababu simu ya nyumbani ina wasomaji wengi.

Kalamu, na mahali pa kulificha daftari hilo pasipoguswa na mtoto wala mgeni.

Maji ya udhu yaliyotengwa tangu usiku. Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa kiasi cha mudi moja, yaani kibaba, ambacho hakifiki lita moja. Kwa mtu wa Newala anayenunua maji kwa ndoo, hili ni la kukumbuka: uhaba wa maji hauzuii ibada ya usiku. Kopo moja linatosha ukitumia polepole.

Saa yenye kengele, na msala au mkeka.

Mtu mmoja wa kumwendea. Usimchague leo, Hatua ya Tano itaeleza jinsi ya kumpata.

Na siku 40. Hesabu hii haina fadhila yoyote ya kidini, na mtu asije akasema kuna ibada ya siku arobaini imeletwa. Ni muda wa kutosha tu kuona jambo limekaa au halijakaa, na kwa wengi hupita humo angalau mwisho wa mwezi mmoja, msiba mmoja na ugomvi mmoja wa nyumbani.

## Nani asianze na mwongozo huu

Anayekunywa pombe kwa wingi kila siku asikatishe ghafla akiwa peke yake. Ndani ya siku mbili tatu za mwanzo mwili unaweza kutetemeka, akili ikachanganyikiwa, hata degedege ikampata, na watu hufa kwa hali hiyo. Aanzie kwa daktari, kisha arudi hapa. Mkoani Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Ligula, na Lindi kuna ya Sokoine.

Anayewaza kujiua, au asiyelala wala kula kwa wiki kadhaa, naye aende hospitali kwanza, tena aende na mtu. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa.

Na mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe na yeyote kwamba akubali unyonge wake. Anayetakiwa kuukiri udhaifu ni yule mwenye mkono. Mwanamke huyo atafute ndugu, mwenyekiti wa mtaa au dawati la jinsia polisi.

## Hatua ya Kwanza: Pambanua unyonge wako ni wa aina gani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ikirukwa zinazofuata hazisaidii. Watu huuweka udhaifu wote kwenye kapu moja. Matokeo yake mmoja anatubia ugonjwa wake, na mwingine anaivumilia dhambi yake kama mtihani uliotoka mbinguni.

Fungua daftari, gawa ukurasa safu tatu.

Dhambi. Jambo uliloharamishiwa na unalifanya kwa hiari: kusengenya, kulewa, kumtukana mkeo, kula fedha ya amana. Dawa yake ni toba.

Upungufu. Jambo usiloliweza kwa maumbile, umri, afya au kutofundishwa: hujui kusoma Kurani vizuri, unasahau, magoti hayakunjiki, unaogopa kusema mbele za watu. Hapa hakuna dhambi ya kutubia. Dawa yake ni kujifunza, kuomba msaada, au kuitumia ruhusa iliyowekwa. Mwenye magoti mabovu asiyeweza kusimama anaswali amekaa, basi. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni alisema wazi kwamba ndugu yake Haruni ana ufasaha wa ulimi kuliko yeye, akaomba apewe awe msaidizi wake. Akapewa. Unyonge aliousema ulimletea msaidizi. Angeuficha angekwenda peke yake.

Mzigo. Jambo lililokuangukia: deni la matibabu ya mama, msiba, mikorosho iliyopigwa na ubwiri unga hata baada ya kupuliza salfa. Dawa yake ni subira, dua na mipango.

Mara nyingi jambo moja lina nyuzi mbili, pengine zote tatu, na hapo ndipo penye kazi. Chukua mkulima anayeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wa mitaani kwa bei ya chini, miezi miwili kabla ya minada, kila mwaka, halafu kila mwaka anajilaani. Njaa ya ndani ni mzigo. Kutojua kuweka hesabu ya matumizi ni upungufu. Lakini ikiwa nusu ya fedha ile ya kangomba ilikwenda kwenye harusi ya kujionyesha, hapo pana uzi wa dhambi, jina lake ria. Akitubia zote kwa pamoja hatapona hata moja. Njaa haiondoki kwa istighfari peke yake, na ria haiondoki kwa kufundishwa hesabu.

Jaza safu zote. Kisha chagua jambo moja tu, kutoka safu ya kwanza, la kufanyia kazi siku hizi 40. Dhambi nyingine zinabaki haramu na unaziacha kadiri uwezavyo, ila jicho la kila siku liwe kwenye hii moja. Sababu ni hadithi inayojulikana na kila aliyekaa darasani: amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu hata ikiwa ndogo.

Sasa liandike kwa sentensi yenye saa, mahali na hali ya mwili.

Sentensi mbovu: "Mimi ni mtu wa hasira."

Sentensi nzuri: "Nikirudi shamba saa kumi na moja jioni, nina njaa, nikakuta chakula hakijaiva, namtukana mama watoto mbele ya watoto."

Ya kwanza inaweza kusomwa harusini na watu wakacheka. Ya pili inakufanya utake kulifunga daftari. Ukisikia hivyo, umeandika sawa.

Tahadhari. Mwenyezi Mungu akimsitiri mja wake, mja asijifunue. Ipo hadithi sahihi inayosema umma wote utasamehewa isipokuwa wale wanaozitangaza dhambi zao. Kwa hiyo kama jambo lako ni zito, andika kwa alama utakayoielewa mwenyewe. Herufi moja na saa yatosha: "K, saa 3 usiku, Alhamisi."

## Hatua ya Pili: Siku saba bila ahadi mpya

Dhambi inaachwa papo hapo, hilo halina mjadala, na azma ya kutorudi ni sharti la toba pamoja na kuacha na kujuta. Kinachosimamishwa hapa ni kuapa.

Wengi wetu tukishikwa na majuto tunasema "Wallahi sirudii." Kiapo hakikuongezei nguvu hata chembe. Kinakuongezea deni. Nadhiri nazo Mtume (S.A.W.) hakuzipendekeza; alisema hazileti kheri, bali kwazo hutolewa mali kutoka kwa bahili. Mtu mnyonge anayejijua hajifungi kamba mbili wakati moja inamkaba.

Kama umeshaapa na kuvunja, lipa sasa ili uanze mwepesi. Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi au kuwavisha. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa zaidi pwani yetu, ni kibaba kimoja kwa kila maskini, cha chakula kinacholiwa kwenu: jumla vibaba kumi, yaani pishi mbili na nusu. Asiyeweza kabisa ndiye anayefunga siku tatu. Watu wengi hukimbilia kufunga kwa kuwa hakuna gharama, ilhali mchele umo ndani. Huko ni kuruka daraja. Kama viapo vyako ni vingi na huna hesabu yake, mwulize sheikh wako kabla ya kulipa.

Katika siku hizi saba kazi yako ni kutazama. Kila jioni andika mstari mmoja: jambo lilikujaribu saa ngapi, ulikuwa wapi, umekula au hujala, umelala saa ngapi, nani alikuwapo. Usijitetee na usijilaani.

Siku ya saba soma mistari yote kwa mfululizo. Karibu kila mara utaona mlango mmoja unaorudi, nao ni wa kawaida mno kuliko ulivyodhani. Njaa. Usingizi. Njia fulani. Mtu fulani. Fedha mkononi siku moja baada ya mnada. Mwenye kumtukana mkewe huenda akagundua kwamba siku alizokula muhogo wa kuchemsha saa nane mchana hakutukana. Kugundua hivyo kunaumiza kidogo, maana kila mmoja wetu angependa dhambi yake iwe na sababu kubwa. Lakini Kurani imeshasema katika Suratun-Nisaa, aya ya 28, kwamba mwanadamu ameumbwa dhaifu. Kiumbe anayeshindwa na njaa ya muda wa saa tatu ana haja gani ya kujifanya mlima?

## Hatua ya Tatu: Dakika 25 kabla ya Alfajiri

Hapa ndipo unyonge unapokabidhiwa. Theluthi ya mwisho ya usiku ndiyo yenye fadhila iliyotajwa katika hadithi sahihi. Kuipata, hesabu kutoka Magharibi hadi Alfajiri, gawa kwa tatu. Mathalani Magharibi ikiwa saa 12:20 jioni na Alfajiri saa 11:00, usiku una saa 10 na dakika 40. Theluthi moja ni saa 3 na dakika 33. Theluthi ya mwisho inaanza saa 7:27 usiku. Wewe huhitaji kuamka saa hiyo. Tegesha kengele saa 10:30 alfajiri, bado umo ndani yake.

Fuata ratiba ya msikiti wa kwenu, maana nyakati husogea kwa majira.

Dakika 1 hadi 5. Udhu. Polepole, bila taa kali ikiwezekana.

Dakika 6 hadi 13. Rakaa mbili. Katika sijda, leta dua zilizopokewa kwa Kiarabu. Mojawapo ni fupi na inatosha: *Allahumma ighfir lii dhanbii kullahu, diqqahu wa jillahu, wa awwalahu wa aakhirahu, wa alaaniyatahu wa sirrahu.* Unaomba usamehewe dhambi zote, ndogo na kubwa, za mwanzo na za mwisho, za wazi na za siri.

Dakika 14 hadi 20. Toa salamu, kaa pale pale, inua mikono, useme kwa lugha yako. Kiswahili, Kimwera, Kimakonde, Kiyao, hiyo uliyolelewa nayo. Tunasisitiza ufanye hivi baada ya salamu, kwa kuwa kuomba kwa lugha isiyo Kiarabu ndani ya swala wanazuoni wamekutilia masharti, na hakuna haja ya kuingia humo.

Dua yako iwe na sehemu nne:

1. Msifu. *Yaa Hayyu, yaa Qayyuum.*
2. Taja unyonge kwa jina, ile sentensi ya daftarini. "Ya Rabi, jana nilimtukana tena. Njaa ilinishinda, na kiburi kikanizuia kumwomba radhi."
3. Omba jambo la leo tu. "Leo saa kumi na moja nitarudi nyumbani. Sina nguvu ya kuufunga mdomo wangu. Ufunge."
4. Kabidhi. *La hawla wala quwwata illa billah.* Hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu.

Sehemu ya tatu ndiyo inayokosewa. Watu huomba "uniondolee hasira maisha yangu yote", halafu wanaondoka na mzigo wa maisha yote mgongoni kabla jua halijatoka. Omba ya leo. Kesho utakuja tena, na kule kuja tena ndiko kunakokulea. Mtu aliyepewa nguvu za mwaka mzima kwa mkupuo angeamka lini?

Dakika 21 hadi 25. Sayyidul Istighfari mara moja. Asiyeihifadhi aisome kwenye karatasi, aihifadhi taratibu kipande kwa kipande. Tazama maneno mawili yaliyomo. *Mastatwa'tu*: niko juu ya ahadi yako kadiri niwezavyo. Na *abuu'u bidhanbii*: naikiri dhambi yangu. Mja katika dua iliyoitwa bwana wa istighfari anaahidi huku akikiri mpaka wa uwezo wake. Toba yako nayo iwe na umbo hilo.

Asubuhi na jioni ongeza dua aliyofundishwa Bibi Fatima (R.A.): *Yaa Hayyu yaa Qayyuum, birahmatika astaghiith, aslih lii sha'nii kullahu, walaa takilnii ilaa nafsii twarfata ayn.* Maana yake: kwa rehema zako naomba kuokolewa, nitengenezee mambo yangu yote, wala usiniachie nafsi yangu hata kwa kupepesa jicho. Mtoto wa Mtume anafundishwa aombe asiachiwe nafsi yake. Sisi wa kuachiwa ni akina nani?

Mwanamke aliye katika hedhi au nifasi haswali, lakini dua, istighfari na dhikri haviondoki. Aamke vilevile, akae kwenye mkeka, aanzie dakika ya 14. Siku hizo azihesabu kama siku kamili. Wengi huziona kama pengo, mnyororo ukikatika hawarudi.

Ukishindwa kuamka. Sogeza: fanya baada ya Isha, kabla ya kulala, na Witri yako. Mvuvi aliyerudi saa tisa usiku halazimishwi saa kumi na nusu. Mama mwenye mtoto mchanga afanye dakika tano akiwa ananyonyesha, sehemu zile nne tu. Hilo nalo ni kuukiri unyonge.

Mafanikio ya hatua hii hayapimwi kwa machozi. Machozi huja na kwenda. Umefanikiwa ikiwa unapoinuka unajua jambo moja la leo uliloliomba, na saa yake.

## Hatua ya Nne: Mfunge ngamia

Bedui aliambiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Aliyeomba alfajiri asipite tena jioni pale anapoangukia akitaka kuona kama dua imejibiwa. Hiyo ni kumjaribu Mungu.

Rudi kwenye mlango ulioupata Hatua ya Pili, uuzibe kwa kitendo kimoja cha mikono.

Ikiwa ni njaa: mihogo miwili na maji kabla hujaondoka shambani. Ukifika nyumbani na hasira imeshapanda, tamka *A'udhu billahi minash-shaytwanir-rajiim*, nyamaza, umesimama kaa, umekaa lala. Hayo yote yamepokewa, na yanafanya kazi kwa sababu aliyelala chali ni vigumu kupiga.

Ikiwa ni njia: badili njia. Msimu wa mabibo, uraka, yaani pombe ya mabibo, unauzwa kwenye vibanda ambavyo kila mtu anavijua, na harufu yake inakufikia kabla hujakiona kibanda. Zunguka, hata kama ni nusu saa zaidi. Ukiulizwa kwa nini unazunguka, sema unanyoosha miguu.

Ikiwa ni fedha, hapa tukae kidogo, kwa maana huku kusini fedha huja kwa mkupuo. Ufuta unalipwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba au Novemba, na katikati yake pana ukame. Mtu asiyelewa miezi tisa hulewa wiki tatu. Mwenye mke mmoja mwema anaanza kuangaza macho. Uamuzi wa fedha hiyo ufanywe kabla ya mnada, mkiwa wawili, kwenye karatasi: madeni kwanza, kisha chakula hadi mavuno, ada na sare, salfa na kupalilia mwakani, zaka ya anayewajibika, kisha kilichobaki. Siku fedha inapoingia kwenye akaunti kupitia chama cha msingi, usiende benki peke yako wala Ijumaa jioni. Lipa madeni siku hiyo hiyo kabla ya kununua hata soda. Anayejua hawezi kukaa na fedha mfukoni ampe mkewe au mama yake aishike, na asione haya.

Kwa kusengenya: usikae zaidi ya dakika kumi kwenye kibaraza chenye kawaida hiyo. Kwa simu: ilale chumba kingine.

Kosa la kawaida ni kuziba milango sita kwa siku moja. Ziba mmoja. Ukishikilia siku kumi, ongeza wa pili.

## Hatua ya Tano: Mtu mmoja, bila kufunua

Hatuna desturi ya kuungama kwa binadamu, na mwongozo huu hauileti. Lakini mnyonge hutembea na mwenzake.

Mtafute wa jinsia yako, anayeswali, usiyemdai wala asiyekudai. Kipimo chetu ni kimoja: je, amewahi kukusimulia siri ya mtu mwingine? Kama ndiyo, yako atamsimulia mwingine. Mara nyingi anayefaa si msemaji wa msikitini. Huwa ni mzee anayefungua mlango wa msikiti na kuondoka kimya, au bibi anayesomesha watoto kibarazani.

Mwendee kwa heshima, salamu kwanza, shikamoo yake, kisha useme: "Mwalimu, nina jambo linanishinda nyakati za jioni. Sitalieleza. Naomba uniombee, na kila Ijumaa uniulize kama juma hili nimesimama."

Ijumaa unajibu neno moja: "Nimesimama" au "Nimeteleza." Akitaka maelezo, badili mtu, kwa adabu.

## Hatua ya Sita: Siku ya kuteleza

Itakuja. Kwa wengi huja baada ya siku nzuri kadhaa. Mwisho wake unategemea saa ya kwanza.

1. Usiache swala inayofuata. Nafsi itakuambia "utaswalije na uso huo?" Swali na uso huo huo. Hiyo ndiyo swala unayoihitaji kuliko zote ulizoswali juma zima.
2. Tawadha, rakaa mbili za toba, istighfari.
3. Kama kuna haki ya mtu, irudishe. Umemtukana, mwombe radhi kwa sentensi moja isiyo na "lakini". Umechukua, rudisha. Hili ni sharti la nne la toba inapohusu haki za watu, na rakaa mia haziliondoi.
4. Andika mstari mmoja daftarini: saa, mahali, mlango gani ulibaki wazi.
5. Usijiadhibu. Usijiwekee saumu thelathini wala kiapo kipya. Kujiadhibu kupita kiasi ni kiburi kilichovaa kanzu. Mtu anashangaa kwamba *yeye* ameanguka.

Katika Sahihi ya Bukhari kuna habari ya sahaba aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi, akiadhibiwa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (S.A.W.) akamkataza, akasema kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu yake hakuondolewa, na kosa halikuitwa jema. Ila mlango hakufungiwa. Hesabu yako nayo iende hivyo: kosa libaki kosa, nawe ubaki ndani ya mlango.

Siku inayofuata ni siku inayofuata. Ukiteleza siku ya 17, kesho ni siku ya 18. Kurudi kwenye moja ndiko kulikowamaliza wengi.

Tahadhari ya upande wa pili. Yupo atakayeisoma sehemu hii akapumua: "Basi, mimi ni dhaifu, nifanyeje?" Huyo hajaukiri unyonge, ameukodisha uwe kisingizio. Hadithi ni wazi: Muumini mwenye nguvu ni bora kuliko dhaifu, ingawa wote wana kheri, fanya pupa katika linalokufaa, omba msaada kwa Mungu, wala usijiachie. Kipimo ni rahisi. Ukitaja udhaifu wako kisha ukazungumzia mlango gani utaziba, umekiri. Ukiutaja kisha ukanyamaza, au ukawalaumu waliokulea, bado.

## Hatua ya Saba: Hesabu ya Ijumaa, na hatari ya kufanikiwa

Kila Ijumaa baada ya Alasiri, dakika kumi na daftari. Hesabu siku ulizosimama. Ziandike kama namba tu, mathalani 5 kwa 7. Usizipambe.

Namba zikianza kupanda, ongeza hadhari. Siku ya vita vya Hunayn Waislamu walikuwa wengi kuliko walivyowahi kuwa, na Suratut-Tawba, aya ya 25, inawakumbusha kwamba wingi wao uliwapendeza, lakini haukuwafaa kitu, na ardhi ikawa finyu kwao pamoja na upana wake. Vita vya Badri walishinda wakiwa zaidi kidogo ya 300. Wiki yako ya 7 kwa 7 ndiyo Hunayn yako. Dalili zake: unaanza kulala hadi adhana, unapita njia ya zamani "mara moja tu", na walevi wa kijijini wanaanza kukukera.

Dalili za nguvu iliyokaa ni tofauti. Unaomba msaada mapema, kabla ya saa mbaya kufika. Unasema "siwezi" bila koo kukaba. Mwenzako akianguka, la kwanza linalokujia ni dua. Watoto hawatawanyiki ukiingia uani. Na lile jambo lenyewe bado linakuita, pengine kwa sauti ile ile, ila limekuwa kama kengele ya swala: likilia, unajua pa kwenda.

Siku ya 40 ikifika na namba zako ni 5 kwa 7 au zaidi kwa majuma mawili mfululizo, punguza kuandika, baki na dakika 25 na Ijumaa. Zikiwa chini ya hapo, rudi Hatua ya Kwanza ukakague safu: mara nyingi jambo uliloliita dhambi tupu lina uzi wa upungufu au mzigo haujaguswa, na huo ndio unaolivuta.

Daftari likijaa, chana kurasa zenye sentensi na alama zako, zichome jikoni mpaka ziwe majivu, uhakikishe hakuna kipande kilichobaki kinachosomeka. Kisha fungua jingine, chora safu tatu, na uchague jambo la pili.